Kiganja Chenye Vidole Vinne

Naomba lieleweke tangu mwanzo: sikuwa mzembe. Mzembe ni mtu anayeacha mzigo wa watu unyeshewe mvua, panya wautafune, mwenyewe yuko barazani anapiga soga. Mimi, Isihaka wa ghala la ngozi hapa Kasulu, nililala na mzigo ule na kuamka nao. Niliuhudumia kuliko nilivyomhudumia mke wangu, na mwenyewe alinisema. Ndiyo maana yaliyotokea yaliniacha mdomo wazi, na mpaka leo sijaufunga sawasawa.

Mwaka wa sabini na nne masika yalikata reli. Mizigo ya kwenda ziwani ikawa inashushwa upande wa Kahama na kupakiwa kwenye malori, inazunguka Kibondo, ndipo inafika kwetu. Siku moja lori la Leonidasi, dereva mwenyeji wa Busunzu, likaingia mjini limejaa tope mpaka kwenye kioo. Daraja la mbele lilikuwa limekwenda na maji. Akauliza ghala kavu, akaelekezwa kwangu.

Alikuwa amebeba fenda mbili. Fenda ni mfuko mkubwa wa mpira mnene unaojazwa upepo na kuning'inizwa ubavuni mwa gati, ili meli ikija isijipige kwenye mawe. Wakati wa kusafirishwa hutolewa upepo na kukunjwa. Zile mbili zilikuwa zimelala nyuma ya lori, nyeusi tii, kama viboko waliokonda.

Nilizingoja kwa hamu kabla hazijafika, kwa sababu ya mkwe wangu. Tamimu, mume wa binti yangu Kuruthumu, alikuwa kibarua kwenye gati huko ziwani. Kazi yake ilikuwa kushika matairi makuukuu kwa kamba na kuyatia kati ya meli na gati, na meli haimngoji mtu atoe mkono. Mwenzake alikwisha pondwa bega. Tamimu aliandika barua kwamba fenda zinakuja na yeye ndiye aliyekabidhiwa kuzipokea na kuzitunza. Zikifika salama, ataajiriwa kazi ya kudumu na kupewa vyumba viwili. Zikiharibika mikononi mwake, hata kibarua basi. Kuruthumu alikuwa nyumbani kwangu, mimba ya miezi saba, akisubiri hivyo vyumba viwili. Alinisomea barua ile mara tatu, na mara ya tatu akalia.

Sasa mtu aniambie, katika hali hiyo ningefanyaje uzembe?

Tulizishusha watu kumi na wawili. Leonidasi alikuwa anazunguka lori anapiga kelele, "Buhoro, buhoro! Polepole! Musiburute! Munyanyue! Mzee, hapa chini hapana msumari?" Nilifagia sakafu kwa mikono yangu. Nikatandika majani makavu ya mgomba unene wa godoro, tukazilaza juu yake mbalimbali, isiwe moja inailalia nyingine. Dirisha la upande wa jua nikaliziba kwa gunia. Leonidasi akanipa karatasi iliyokuja na mzigo. Maneno yalikuwa ya Kizungu, lakini kulikuwa na picha, na kila picha imepigwa mkwaju mwekundu wa kukataza: jua, moto, msumari, na kopo linalodondosha tone.

Kizungu sikijui ila picha nasoma. Jua nimeliziba. Moto haumo. Msumari nimeuokota. Kwenye lile kopo nikacheka kabisa. Petroli, dizeli, mafuta ya taa, nani asiyejua kwamba hayawekwi karibu na mali? Nikaikunja karatasi nikaitia kwenye kofia.

Juma la pili nikaingia asubuhi na taa, nikaona kitu kilichonipasua moyo. Fenda zilikuwa na weupe. Kwenye mikunjo yote kulikuwa na unga mweupe mwembamba, unaganda kidoleni.

Nani anaujua ukungu kama mimi? Nimekulia kwenye ngozi. Baba yangu alinunua ngozi za ng'ombe kutoka Buhigwe mpaka Kibondo, na kidole changu kidogo cha mkono wa kulia kilikwenda na kisu cha kukwangulia nikiwa kijana. Watu hapa hata gizani wananijua kwa salamu ya vidole vinne. Baba alinifundisha hivi: ngozi ikitoa weupe, imeanza kufa. Ifute kabla hujala, kisha uipake mawese, maana ngozi ina kiu kama binadamu. Ngoma za Waha, mikanda, viatu vya mapadri wa Kabanga, vyote nimeviokoa kwa mawese. Mawese ni chakula. Tunawapikia watoto. Nisingeweza kuyafikiria pamoja na lile kopo lenye mkwaju, hata mngenifunga kamba.

Nilikuwa mlangoni nafuta unga ule kwa gunia, jasho linanitoka, alipovuka barabara Ndihokubwayo. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, ana miaka miwili tu mjini, anaziba pancha za baiskeli kwenye kibaraza cha mbele yangu.

"Mzee," akasema, "iyo poda usiitoe. Ni yenyewe inafanya mupira..."

"Wewe!" nikamkatiza. "Uliingia mji huu na sufuria moja kichwani, leo uje unifundishe ghala? Ulipozaliwa mimi nilikuwa nauza ngozi."

Akanitazama kidogo, akacheka kicheko cha mtu asiye na kwao, akarudi kwenye pancha zake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ila hakuna methali iliyonionya kwamba mkuu mwenyewe anaweza kuwa fundi pancha.

Nilipaka mawese siku mbili. Yalikwisha madebe mawili, tena yale mekundu mazuri, si ya kuchakachua. Niliyaingiza kwenye kila mkunjo kwa pamba. Nilipomaliza zilikuwa zinametameta, majirani wakaja kuangalia. Kila baada ya siku tatu nikawa narudia, na bati la ghala linachoma mchana kutwa. Niliona mpira unalainika, unanenepa hata. Nikasema, mnaona? Ulikuwa na kiu.

Baada ya majuma matano daraja likatengenezwa. Leonidasi akarudi na lori lake, na pembeni yake ameketi Tamimu, shati jeupe, kalamu mfukoni. Kuruthumu alitoka nje anakimbia na tumbo lake lile, mama yake akamkemea. Nikawaacha wasalimiane, kisha nikamwongoza mkwe wangu mpaka ghalani, na nusu ya mtaa nyuma yetu. Nikafungua mlango nikasimama kando, kama mtu anayeonyesha bibi harusi.

"Haya baba," nikasema, "mali yako hii."

Na ili wote waone uzima wa mali yenyewe, nikaipiga fenda ya pili kofi zito, pale karibu na mdomo wa kujazia upepo, nikauacha mkono umekandamiza.

Tamimu akainama. Akanusa. Akaweka dole gumba kando ya mkono wangu, akabonyeza, na kukaa vile muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka uso ulikuwa umesawijika. Nikadhani ni uchovu wa safari.

"Kuna kasoro?" nikamwuliza.

Sasa, kwa wasiotujua. Kwetu mkwe wa kiume hamkosoi baba wa mke wake. Hali naye sinia moja mpaka aitwe, hasemi jina lake, na akimkuta amekosea njia humfuata nyuma mpaka agundue mwenyewe. Aibu ya mzee mbele za watu, tena imetoka kinywani mwa mkwe, haioshwi kwa mbuzi mmoja. Tamimu alilelewa vizuri. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyojisifia nilipomwoza.

Akatazama vidole vya miguu yake.

"Hakuna, baba. Umefanya kazi kubwa."

Akatia saini ya kupokea. Tukapakia juu ya majani mapya ya mgomba, Kuruthumu akamfungia muhogo na dagaa, na lori likaondoka.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi asubuhi Ndihokubwayo akaja mlangoni kwangu na kopo la maziwa. Hakusalimia.

"Mzee, nilipokuona unapaka mawese, nilikata mupira wa baiskeli nikautia humu na mawese. Nilitaka nikuoneshe, nikaogopa. Sasa nasikia mukwe wako amezipeleka. Tazama."

Akauchomoa kwa vidole viwili. Mpira ulikuwa umevimba, unanata. Akauvuta kidogo tu, ukaachana kama ugali usioiva. Hakutumia nguvu hata chembe.

"Ile poda inawekwa kiwandani, mupira usishikane. Ilikuwa dawa, mzee."

Nilimwona tena moyoni Tamimu ameinama, dole gumba limezama kwenye mpira, na mimi nimesimama natabasamu. Alijua. Mtoto wa watu alijua pale pale, akaniheshimu, na amekwenda kusimama kati ya meli na gati na mawese yangu. Nilishikwa na hofu ambayo sijapata kuionja. Niliondoka peku. Kuruthumu akaniita kutoka uani, nikampita mbio, naye akanifuata.

Posta kulikuwa na foleni, sikuiona. Karani akazungusha simu mara nne, mara tano, ndipo ikaitika sauti ya msimamizi wa gati.

"Mimi ni mkwewe Tamimu, huku Kasulu! Zile fenda msizitumie!" nikapiga kelele. "Ziteremsheni! Zimeharibika!"

"Mzee, umechelewa," akasema. "Tulijaribu kuijaza moja jana. Ikatoa nundu ubavuni, watu wakakimbia, ikapasuka. Imeng'oa bati la stoo."

"Mtu ameumia?"

"Hapana."

Nikashika meza. "Na Tamimu?"

"Tamimu amekiri. Alizipaka mawese mwenyewe, huko ghalani, ili zing'ae. Ameandika kwa mkono wake. Nimemfukuza asubuhi hii, na barua yake inakwenda polisi."

Jamani, nimezika wazazi, nimekatwa kidole, lakini sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na maneno yale. Alikuwa amejitwisha mzigo wote. Si kunyamaza tu, alikuwa ameandika.

"Ni mimi!" nikasema. "Mimi Isihaka! Nilipaka mimi, majuma matano, yeye hakuwepo!"

"Mzee, naelewa. Kila mtu humtetea mume wa mwanawe. Lakini karatasi imeshatiwa saini."

"Fenda ya pili ipo?"

"Ipo, imelala hapo nje."

"Nenda kaitazame karibu na mdomo wa upepo. Kuna kiganja. Hesabu vidole."

Kisha nikasikia mkono wa simu unawekwa mezani, na viatu vinakwenda. Karani akaniashiria kwamba dakika zinakwisha; nikamwashiria aongeze. Viatu vikarudi.

"Mzee?"

"Nipo."

"Vinne." Sauti ilikuwa imebadilika. "Kiganja kimezama kama kwenye udongo. Vidole vinne. Tamimu ana vitano."

"Nilikuambia. Mwite. Mrudishie kazi yake."

"Ngoja kwanza. Kando ya kiganja kuna alama nyingine. Dole gumba, la mtu mwenye mkono mdogo. La nani hilo?"

Nikafungua mdomo niseme la Tamimu. Nilikuwa nimekwisha vuta pumzi.

"Maana kama ni lake," akaendelea, "basi alibonyeza, akaona mpira umekufa, na bado akatia saini kwamba ameupokea mzima, akatuletea. Watu wangu walikuwa wamesimama pale, mzee. Hilo ni baya kuliko mawese."

Ushahidi niliokuja nao kumwokoa ndio huo ulikuwa umemfunga, na nimeuleta mwenyewe, kwa bidii ile ile niliyopakia mafuta.

"Ni langu," nikasema. "La mkono wa kushoto."

"La kwako?"

"Langu. Yeye hakugusa kitu. Ninashuka huko leo, mnikamate."

"Njoo basi, mzee," akasema, na simu ikakatika.

Nilipogeuka, Kuruthumu alikuwa amesimama mlangoni pa posta, mkono kwenye tumbo, anahema. Alikuwa amesikia upande wangu wote.

"Baba, ulizipaka wewe?"

"Mimi."

"Na Tamimu alipozishika, alijua?"

Swali lile lile, kinywa kingine. Kwa msimamizi nilikuwa nimepata uongo. Kwa huyu, sikuupata.

"Alijua."

"Mbona hakusema?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu, vimejaa tope.

"Nilimwuliza mbele za watu," nikasema. "Akaniambia, hakuna kasoro, baba."

Kuruthumu akaketi chini pale pale kwenye ngazi ya posta, na mimi nikaketi kando yake kungoja lori la kwenda ziwani.