Kiboksi cha Bluu

"Hicho cha bluu kina domo, shemeji, na wewe unajua."

"Domo ni la kaka yako. Kiboksi kinapitisha tu."

Walikuwa wakibishana hivyo tangu asubuhi mlangoni mwa ukumbi mpya wa mtaa: mjane wa mpiga gitaa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, majirani wa ukuta mmoja, ukuta usioweza kuficha hata chafya. Kati yao alichutama fundi wa sauti, mkono mmoja kiboksi cha bluu, mwingine cheusi. Saa kumi ukumbi ungefunguliwa, wimbo wa mtaa ungepigwa kwa gitaa la marehemu, na kibao chenye jina la mtunzi kingetundikwa ukutani. Mpigaji angekuwa shemeji. Jina kwenye kibao lilikuwa la shemeji pia.

Mjane alisema jina linalostahili pale ni lake yeye, na hakupandisha sauti.

Fundi alieleza kwa mara ya tatu. Kila ala hupita kwenye kiboksi kabla sauti haijafika kwenye miksa, mashine inayochanganya sauti zote. Cheusi hakitumii umeme, ndani ni waya uliozungushwa tu, na kinafaa kinanda kwa sababu kinanda kina nguvu zake. Gitaa la marehemu ni la zamani, sauti yake hafifu. Lipitishe humo, litatoka kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Cha bluu kinatumia umeme wa betri, kinalipokea lote kama lilivyo.

"Kama lilivyo," alisema shemeji. "Hapo ndipo ninapokataa."

Juzi kwenye mazoezi, kupitia cha bluu, marehemu alikohoa baada ya ubeti wa kwanza akauliza nani amehamisha kiti chake. Kinyozi akajibu kiko kwake, wateja walikuwa wanasimama. Marehemu akasema haya, ila mguu wa nyuma umelegea. Ulikuwa umelegea kweli. Watu wakapanga foleni kumsalimia, na mwenye duka akamuuliza habari za mama yake. Halafu marehemu akaanza, "Sasa, kuhusu huu wimbo," na shemeji akachomoa waya.

"Kazi nimekupa mimi, fundi," alisema shemeji sasa. "Na kazi zote za ukumbi huu zitapitia kwangu."

"Nimekusikia, bosi," alisema fundi, akaenda kuvuta nyaya.

Fundi alipogeuza mgongo, shemeji alifungua cha bluu kwa nyuma, akatoa betri, akaitia mfuko wa shati, akiamini bila betri kitapitisha sauti kama cheusi tu. Kisha akatangaza kwa roho safi, "Basi wekeni hicho hicho cha bluu, nisije nikaitwa mbaya."

Fundi alipokishika alihisi kimepungua uzito. Shemeji hakujua, kwa kuwa alijifunzia gitaa sebuleni, kwamba kiboksi kile kikikosa betri hunywa umeme wa miksa kupitia waya ule ule unaobeba sauti. Kinachotakiwa ni kubonyeza kitufe kimoja kidogo kwenye miksa. Fundi alikitazama kitufe hicho muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitufe chochote. Gitaa haliwezi kuachwa chini ya blanketi, alijiambia, na hilo nalo lilikuwa kweli. Akabonyeza.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Shemeji alipiga vizuri, hilo lazima lisemwe. Baada ya ubeti wa pili spika zikakohoa.

"Huu wimbo hakuutunga mdogo wangu," alisema marehemu. "Wala mimi. Aliutunga mke wangu akifua nguo uani. Mimi nilitafuta nyuzi za gitaa tu, nikakaa kimya miaka ishirini."

"Umechelewa, baba watoto," alisema mjane kutoka mstari wa tatu.

"Nilikuwa naona aibu."

"Najua."

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti wa mtaa alimshukuru marehemu kwa mchango wake, akawaomba wazungumzaji wanaofuata wawe wafupi. Shemeji alimalizia ubeti wa tatu, mkono ukienda mfukoni kila alipopata nafasi. Kisha kibao kikatundikwa chenye jina lake. Mwenyekiti alieleza kwamba rangi ilikuwa imeshakauka na misumari ilikuwa imeshapimwa, na wengi wakaona maelezo hayo yanatosha.

Jioni fundi alimpelekea mjane gitaa nyumbani, pamoja na kiboksi cha bluu na spika ndogo. Mjane alimwonyesha kiti, akapanga sahani nne. Shemeji alikuwa amesimama kizingitini, haingii wala haondoki. Mjane alipakua, akafunika sufuria, akapangusa mikono.

"Ingia ule, shemeji, chakula kinapoa," alisema. "Na hiyo betri iweke hapo mezani. Kaka yako naye anakula na sisi."