Bado ya Mwanne

Mwenyekiti Twalibu alivua viatu mlangoni kwa Mwanne. Mwaka jana aliingia navyo mpaka juu ya mkeka, wasichana wakasugua tope mpaka magharibi. Leo kavivua mwenyewe, kavipanga vizuri ukutani, kaingia na soksi zilizotoboka kidoleni.

"Shikamoo, somo."

Mwanne alikuwa akichekecha unga wa njano, ule wa foleni, wenye vidudu kuliko unga. Aliendelea kuchekecha mpaka aliporidhika kwamba mwanamume amesimama vya kutosha.

"Marahaba. Kaa chini, Mwenyekiti. Kiti ulichokichukua kwenda ofisini hakijarudi."

Mwanne ndiye kungwi, au somo kama alivyoitwa, aliyeaminiwa kuanzia Mtendeni mpaka Chemchem. Mwari hakuolewa mpaka yeye aseme amefundwa, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa bado. Wasichana wakitoka shule mchana walikuja uani kwake, na baba zao walijua wanafundwa. Walifundwa kweli, kidogo. Muda uliobaki ulikuwa wa vitabu. Fakhria, binti wa Humaidi Mwarabu wa duka la vitambaa, alikuwa na mwandiko mzuri, akiwanyoosha wenziwe mikono. Josepha, wa Alois seremala, alijua Kiingereza cha masista. Tatu, binti wa huyu huyu Twalibu, ndiye aliyekuwa mkali wa hesabu, akiwagombeza wote. Hata Alois, Mkatoliki asiye na habari za makungwi, alimleta binti yake, maana mkewe alimwambia mjini hapa mwari asiyefundwa huchekwa.

Baba akija kuulizia kwa sababu ya posa, Mwanne hushika kiuno. Bado huyu, hajui hata kukunja mkeka. Baba hurudi kwake kimya, kwa kuwa mambo ya uani hayajui na anaogopa kuyauliza, na msichana huingia darasa jingine.

Ndipo serikali ilipofunga maduka ya watu binafsi. Mwenye uwezo wa kumfungulia Humaidi duka lake alikuwa Twalibu, mwenyekiti wa tawi la Chama, na Twalibu alitaka mke wa pili, naye ni Fakhria. Fakhria alikuwa darasa la saba. Mwanne alisema bado, na hiyo ndiyo siku Twalibu alipoingia na viatu.

"Bado yako kaipikie ugali," alimwambia mbele ya watoto. "Siku hizi Chama ndicho kinachoshika hatamu, si makungwi."

Akaleta kungwi wa kukodi kutoka Nzega. Siku ya mtihani dawati la Fakhria lilikuwa tupu. Mwenyewe alikuwa jikoni kwa Twalibu akipuliza kuni mbichi. Mwanne hakulia. Alimwomba Mungu asimchukue yule mtu mpaka yeye apate siku yake naye.

Basi siku yenyewe ilikuwa hii.

"Kuna mkubwa mmoja wa mkoani anamtaka Tatu," alisema Twalibu, akitazama soksi zake. "Nikikataa, sina uenyekiti tena. Wazee wake wanakuja Ijumaa, na ni watu wa mila. Wewe ukisema bado, wataondoka kwa heshima, na mimi sitakuwa nimekataa kitu."

"Bado ipi? Ile ya kupikia ugali?"

"Somo, nisamehe. Yule mtoto anataka udaktari."

"Na Fakhria alitaka nini?"

Twalibu alifikiri. Hakujua, kwa sababu hakuwahi kumuuliza.

"Nenda," alisema Mwanne. "Ijumaa nitakuja."

Alimtazama akihangaika na kamba za viatu, akasikia utamu mdomoni ambao hakuuonja tangu sukari ilipoadimika.

Ijumaa sebule ya Twalibu ilijaa kanzu. Wanawake walikaa nyuma ya pazia. Tatu alikalishwa ubavuni mwa Mwanne, kafunikwa kanga, hana wasiwasi hata chembe, kwani baba yake alikuwa amemwambia kila kitu.

"Somo," alinong'ona, "kesho tuendelee na zile hesabu za sehemu? Josepha hajazielewa."

Fakhria alipitisha kahawa. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto. Alipofika kwa Mwanne aliusoma uso wake, akainama karibu sana.

"Usinilipizie kwa Tatu, somo. Nakuomba."

Mwanne alipokea kikombe kana kwamba hakusikia.

"Somo wetu," aliuliza mzee wa upande wa bwana, "mwari yu tayari?"

Kwenye upenyo wa pazia Mwanne alimwona Twalibu, ametulia, mikono magotini.

"Tayari," alisema. "Huyu amefundwa akaiva."

Mikono ya Twalibu iliteleza kutoka magotini. Uso wake ulishuka, na Mwanne aliutazama mpaka akashiba. Haukukaa chini muda mrefu. Vigelegele vilipopigwa Twalibu aliuinua, akacheka na wageni, akawapa mkono mmoja mmoja, na kabla kahawa haijaisha alikuwa amekwisha kugusia lori ambalo tawi lake linahitaji. Aliyebaki hana la kufanya alikuwa Tatu. Alijifunua kanga usoni, akamtazama somo wake, akingoja aseme kwamba ulimi umemteleza.

Jumatatu mchana Josepha alifika wa kwanza uani, akatandika mikeka. Nyuma yake akaingia baba yake, Alois, kofia mkononi. Nyuma ya Alois waliingia baba wa wasichana wengine, wa Isevya na Mtendeni, viatu wamevivua mlangoni.

"Shikamoo, somo," alisema Alois kwa adabu. "Tumesikia habari njema. Ikiwa Tatu wa mwenyekiti, wa darasa la sita, amekwisha fundwa, huyu wangu wa la saba anangoja nini?"

Josepha aliacha kutandika.

"Bado," alisema Mwanne.

Alois alitabasamu kwa upole, kama mtu anavyomtabasamia bibi kizee aliyeanza kusahausahau, akaketi mkekani. Na wale wengine nao wakaketi.