Mtu wa Mkubwa

Joachim seremala alipofungwa, Mafinga nzima ilimjua kwa makosa yote isipokuwa lile alilofungiwa. Hakimu kule Mbeya alisema waziwazi: kujipatia mali kwa udanganyifu. Alichukua ng'ombe wa mzee Budeba, Msukuma aliyehamia Usangu na mifugo yake, akamwambia kwamba yeye na mkubwa mmoja wa Chama ni chanda na pete, kwa hiyo boma lake halitaguswa watu wakihamishiwa vijijini. Boma likahamishwa kama maboma mengine, na ng'ombe walikuwa wameshauzwa. Kesi ndiyo hiyo. Lakini nani anataka kesi fupi namna hiyo?

"Amefungwa kwa sababu anajua mengi," walisema sokoni. Wengine wakadai hayuko gerezani kabisa, ameonekana Makambako ndani ya Landrova yenye mapazia. Severina, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliapa kwa Bikira Maria kwamba huko ndani Joachim anakula kuku, na kwamba mkubwa anangoja mambo yapoe amtoe, ampe ukuu wa wilaya. Ukuu wa wilaya, jamani! Mtu aliyekuwa akishindwa hata kunoa randa yake.

Mkewe, Apolonia, alijua urafiki ule ulikotoka, na aibu yake alikuwa nayo peke yake. Joachim ndiye aliyetengeneza viti vya jukwaani siku mkubwa alipokuja kuhutubia. Watu wakiwa wamejaa uwanjani, aliinama akamnong'oneza mgeni sikioni. Mgeni akacheka, akampiga begani. Umati wote ukaona. Na alichonong'ona alikisimulia mwenyewe nyumbani, akijishika mbavu: "Mheshimiwa, usiegemee kushoto, mguu wa kiti umelegea." Siasa yake yote ilianzia hapo na kuishia hapo. Apolonia alicheka naye siku ile, na alipoanza kusikia mumewe anaitwa mtu wa mkubwa, alinyamaza akidhani ni masihara. Sasa kile kicheko kilikuwa kinamchoma.

Kilichomchoma zaidi ni zawadi. Watu walimletea maharage, unga, mafuta ya taa. "Mama, mzee akitoka atukumbuke." Alijaribu kumwambia Severina ukweli, kwamba hakuna mkubwa, ni kiti tu. Severina akamkonyeza. "Wamekutisha, eh? Nimeelewa shoga yangu. Hata mimi ningekana." Kesho yake sokoni ikasemekana mke wa Joachim ametishiwa maisha. Ungefanyaje na watu kama hao? Watoto walikuwa na njaa, akapokea, akapika, akala akiwa ameinamisha uso kama mtu anayekula cha wizi.

Halafu mzee Budeba naye akatuma mbuzi. Budeba yule yule aliyeibiwa! Salamu zilisema: mbuzi huyu amfikie mkubwa, asiwasahau. Hapo Apolonia akashindwa kabisa. Akamfunga mbuzi kamba, akapanda naye lori la mbao mpaka Igawa, akakata nyika kwa miguu. Alitaka kumrudisha mwenyewe na kumwambia mzee ana kwa ana.

Walimpokea kama bibi harusi. Wake wa mzee walimletea kigoda na maziwa ya mgando, watoto wakapiga magoti kumwamkia, na Shigela, mtoto mkubwa wa kiume, akatangaza kwa majirani kwamba mke wa mtu wa mkubwa amefika. Apolonia alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaomba kuzungumza na mzee pembeni, wakasogea kwenye uzio wa zizi.

"Baba, nimemrudisha mbuzi wako. Hakuna mkubwa. Hajawahi kuwepo." Akaeleza yote, kiti, mguu uliolegea, kile kicheko. "Naona aibu, baba. Sijui hata niiweke wapi."

Mzee Budeba alikuwa akitazama ng'ombe wake waliobaki.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilijua mle mahakamani. Nilimwangalia pale kizimbani nikasema, huyu hata balozi wa nyumba kumi hamjui."

"Sasa mbuzi ni wa nini?"

"Shigela ndiye aliyesema apelekwe, mbele ya watu. Ningemkatalia kwa maneno gani?" Mzee akashusha sauti. "Wanangu wanadhani baba yao alizidiwa nguvu na wakubwa. Kuzidiwa na wakubwa hakuna anayekucheka. Lakini kughilibiwa na fundi viti! Ng'ombe wa mahari zao, mama. Nakuomba, usininyang'anye huyo mkubwa."

Waliporudi, Shigela hakungoja wakae. "Haya mama, mkubwa anasemaje?"

Apolonia akamtazama mzee, akaona alivyoing'ang'ania fimbo yake kwa mikono miwili.

"Anasema," akaanza, "anasema mvute subira. Hajawasahau."

Sauti ilikuwa yake, lakini aliyekuwa akisema ni Joachim mtupu. Lo, vigelegele! Shigela akakimbilia zizini, akarudi akivuta mtamba mwekundu, yule aliyebakizwa kwa mahari yake mwenyewe. "Mpelekee huyu. Mbuzi alikuwa kidogo, ndiyo maana ukamrudisha."

"Hapana! Mkubwa hataki kitu!"

Boma zima likaangua kicheko. "Mkubwa asiyetaka kitu umemwona wapi, mama?"

Apolonia akamgeukia mzee Budeba, akimsihi kwa macho aseme neno moja tu. Mzee alikuwa anatazama chini.

"Pokea, mama," akasema.

Uso ukimwaka, Apolonia akaipokea kamba. Wanawake wakamsindikiza kwa nyimbo mpaka barabarani.