Aanzie Sehemu ya Ngapi?

Mimi na Nyanjige, binti mwenye kibanda cha gemu pale Somanda, tumecheza sehemu zote tano za gemu moja ya zamani ya mashujaa na majoka. Wiki iliyopita akaja Danford, mgeni kutoka Lingeka, akauliza aanzie sehemu ipi.

“Ya tatu,” Nyanjige akamwambia.

Ya tatu! Si ndiyo tuliyoanza nayo sisi wawili? Roho ikaniuma.

“Anza na ya nne,” nikadakia. Ya nne ni ngumu ajabu, wengi huiacha siku ileile. Nilitaka akimbie.

Hakukimbia. Kila alipokwama, Nyanjige alikaa karibu yake amwelekeze. Wiki nzima wamebanana kwenye benchi, tena benchi langu!

Jana nikachungulia. Danford hata joka la kwanza hajaliua. Dhahabu yake yote amenunulia ng'ombe, thelathini wazima, wamejaa kwenye zizi la gemu, na Nyanjige anawachagulia majina.

“Eti ni mahari yangu,” akaniambia, anacheka huku macho yanamng'aa.

Miaka miwili nacheza na huyu binti, na dhahabu yangu yote nimenunulia mapanga.