Vipira Viwili vya Breki

Na usinibetulie mdomo, wewe ambaye mteremko wako mrefu ni ngazi za baraza, mpira wa breki unayeyuka, ndiyo, unanuka kama kwato lililochomwa, kila mtu wa Bugarama anajua, hata Spesiosa aliyesimama sasa hivi katikati ya chumba, vipira viwili vipya kiganjani, kavikata mwenyewe kwa kisu kutoka tairi la lori, na huko nje mkwewe Ndabirabe anapiga kengele ya baiskeli, mikungu minane kaifunga nyuma, kilomita thelathini na kitu za kushuka hadi Bujumbura, “Mama mkwe, unakata vipira au unavizaa?” na wenzake wanacheka... wacheke, nani alimfundisha kama si yeye, bana uachie, bana uachie, nyuma kisha mbele, usizing'ang'anie mteremko mzima rimu ikaiva tyubu ikapasuka, ukifika kwenye chemchemi simama zipoe, naye ndiyo mama, ndiyo mama, macho chini, kama siku ile alipoleta pombe ya posa, mkono huohuo wa kubania breki, jana, ukatua kwenye taya la mkewe Gloriose, binti wa pekee wa Spesiosa, kalala nyuma ya pazia uso umevimba kama boga... na vile vipira vya zamani vimekwisha, kavikagua alfajiri, chuma kwa chuma, kona ya tatu, labda ya pili, wala humgusi, wala humsukumi... “Au hivi vya zamani vitanifikisha, mama?” anamwuliza yeye, wote humwuliza yeye, akisema nenda wanakwenda, “Mama, mpe,” Gloriose huyo, maneno yanamtoka na mate ya damu, “mpe, atakufa,” na Spesiosa alikuwa kashanyanyua mguu, haki ya Mungu alikuwa anampelekea, lakini sauti ile, ingekuwa ya woga angeielewa, ni ya mapenzi, mjinga huyu, taya litaunga, atamrudia, atampikia maharagwe, atamfutia baiskeli vumbi, mpaka siku ya kuletwa hapa kwa machela... kengele bado inalia. Anaviweka vipira mezani, kimoja kando ya kingine, taratibu. “Vitakufikisha,” anasema kwa sauti ya kumfikia, anatoka, anaufunga mlango, na kuuegemea kwa mgongo, kelele za bintiye zisipite.