Usingizi wa Kashata

Mkokoteni uliojaa viazi ulimkanyaga paka Kashata mguuni asubuhi, pembeni mwa soko la Kariakoo. Zamda alimwokota angali hai, akamviringisha kwenye khanga. Hakurudi nyumbani kumwambia mama mkwe wake. Alipanda basi la UDA moja kwa moja hadi kituo cha mifugo, abiria wakimshangaa mwanamke anayelia na paka kifuani.

Kashata alikuwa paka wa Sadalla, mumewe Zamda, aliyekwenda vitani Kagera asirudi. Tangu taarifa ya kifo ilipofika Mtaa wa Narung'ombe, Bi Mboni, mama yake Sadalla, hakutoa chozi. Alikaa barazani na paka mapajani, akimpapasa kutwa. Zamda, mzaliwa wa Lindi asiye na ndugu mjini, aliendelea kuishi naye. Walipika pamoja, wakapanga foleni ya sukari na sabuni pamoja, lakini jina la Sadalla hakuna aliyethubutu kulitaja.

Kituoni alipokewa na Daktari Blandina, mwanamke mnene mwenye miwani, ambaye wagonjwa wake wengi walikuwa ng'ombe na mbuzi. Alimlaza paka mezani, akamfunua mdomo na kuutazama ufizi uliopauka.

"Mguu huu hauponi, dada. Itabidi tuukate. Na ametokwa na damu nyingi."

"Utamlaza? Hatasikia?"

"Hapo ndipo penye kazi," daktari alisema. "Hewa ya usingizi ninayo. Lakini mnyama aliyepungukiwa damu, ukimvutisha hewa hiyo peke yake mpaka asisikie kisu, moyo unalegea. Anaweza asiamke. Nataka nimchanganyie. Mofini iingie kwenye mshipa tone kwa tone, itulize maumivu, ili ile hewa nimpe kidogo."

Msaidizi wake, mzee Kasmir, aliyekuwa akichemsha vifaa, aligeuka. "Daktari, paka na mofini? Nimewahi kumwona mmoja aliyedungwa mofini. Alipandwa na wazimu, akaparamia mapazia, akatukwaruza wote."

"Alipewa nyingi, mzee wangu. Yetu itakuwa haba, naye atakuwa amelala." Kisha akamgeukia Zamda. "Ila sikufichi. Kwa mbwa nimefanya hivi na nimeona faida yake. Kwa paka ni mara yangu ya kwanza, na paka si mbwa. Neno ni lako."

Zamda alimshika Kashata sikio, lilikuwa baridi. "Fanya, daktari. Ila niache nikae naye."

Walimvalisha paka kinyago cha mpira. Alifurukuta kidogo, akalegea. Daktari alimpitisha kooni mpira uliounganishwa na mfuko wa hewa, akafungua dripu, na matone yakaanza kushuka. Baada ya muda akaipunguza hewa, akamfinya paka ukucha kwa koleo. Hakushtuka. Akaipunguza tena.

"Mtazame kifua," alimwambia Zamda. "Kikitulia kupita kiasi, sema."

Kisu kilipofika kwenye mfupa, Zamda hakuutazama mguu. Alitazama manyoya meupe ya kifuani yakipanda na kushuka, yakipanda na kushuka, kisha yakachelewa. Akangoja. Hayakupanda.

"Daktari! Hapumui!"

Blandina hakupaza sauti. "Mzee, bana dripu. Minya mfuko." Kasmir akaziba matone, akaanza kuubonyeza mfuko wa hewa kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayepuliza kaa la moto asilizime. Daktari aliweka kidole pajani mwa paka. "Mshipa unapiga. Moyo uko imara. Ni mofini tu, imemsahaulisha kupumua. Tutampumulia sisi mpaka akumbuke."

Wakampumulia. Zamda alijikuta naye akivuta pumzi kwa kufuata mkono wa Kasmir. Daktari alikuwa anafunga uzi wa mwisho paka alipovuta pumzi yake mwenyewe.

Kashata alizinduka na macho meusi tii, mboni zimepanuka. Kasmir akarudi nyuma, tayari kwa wazimu. Paka akaanza kukoroma kwa raha, akikandakanda hewa kwa miguu ya mbele kama kitoto kinachonyonya. Mzee akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni Bi Mboni alikuwa amesimama mlangoni. Zamda alimpa shikamoo. Akakifunua kikapu alichopewa kituoni. Bibi aliinama, akaiona bandeji mahali palipokuwa na mguu.

"Alisikia maumivu?" aliuliza.

"Hapana, mama. Alilala. Walimpa dawa mbili, nami nilikuwa naye muda wote."

"Hukumwacha?"

"Sikumwacha."

Bi Mboni alikaa kizingitini. "Sadalla alikuwa na nani?" alisema. "Nani alimpa dawa, Zamda? Nani alimshika?"

 Zamda alikaa kando yake, akamkumbatia, na yule mama akalia kilio alichokibana tangu taarifa ile, mpaka majirani wakatoka kutazama, wakaona, wakarudi ndani kimya. Zamda naye akalia. Walipotulia, walianza kumzungumzia Sadalla: alivyopenda ukoko, alivyoimba ovyo akioga.

Kashata alijifunza kutembea na miguu mitatu kabla mvua za vuli hazijakatika. Alianguka mara nyingi. Kila alipoanguka, wanawake wawili walisema "Pole!" kwa pamoja, na kumsubiri ainuke mwenyewe.