Jino Alilochukua Akosita

Kocha Inoke alisema redioni kwamba nahodha wetu ana mimba. Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani, katika kipindi cha michezo, wakati nchi nzima imekaa na chai yake ikisubiri kusikia nani anakwenda kwenye mashindano ya Honiara. "Tunamtakia Akosita heri yeye na mtoto wake," akasema. Kisha akamtaja atakayeshika nafasi yake: Tarusila, binti wa shemeji yake, anayekaa Brisbane na ambaye hakuwahi kudundisha mpira nasi hata siku moja.

Akosita hakuwa na mimba. Kitu pekee alichokuwa amebeba ni timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa kikapu, na hiyo ameibeba tangu tukiwa tunacheza na viatu vya kuazimana.

Mimi ni Kelera. Nacheza chini ya kikapu, pale mahali mifupa inapogongana. Kijiji cha Akosita, kule mtoni Rewa, na kisiwa chetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo mimi nina ruhusa ya kumtukana na yeye ana ruhusa ya kula samaki sahanini mwangu bila kuomba. Asubuhi ya siku ya tatu baada ya redio nilimkuta uwanjani Suva anapiga mbio za ukuta kwa ukuta, peke yake, jasho linamtiririka.

"Mama Kijacho," nikamwambia, "punguza mwendo, utazalia hapo kwenye mstari."

Kwa kawaida angenirudishia tusi la watu wa kisiwani na pweza wao. Safari hii alisimama, akanitazama, macho mekundu.

"Jana mke wa mchungaji kaniletea soksi za kichanga, Kelera. Kazifuma mwenyewe. Mjomba kaniondoa kwaya. Hajanisemesha tangu juzi."

Utani ukaniishia mdomoni.

Daktari wa timu alimpima siku hiyohiyo, akasema msichana huyu hana hata kichefuchefu. Tukamfuata Kocha. "Nilisikia tu," akasema, akiwa anafunga kamba za kiatu. "Watu walisema." Watu gani? Hakuwajua. Basi utasema redioni kwamba haikuwa kweli? Akacheka. "Nyie wasichana, mambo madogo kama haya huongezeka yakiguswa."

Mazoezini tukauweka mpira katikati ya uwanja, tukakaa chini kuuzunguka. Kocha akapiga filimbi. Tukakaa. Akapiga tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Ulamila, mdogo kuliko sote, akajilaza kabisa, akaweka kichwa juu ya begi na kufumba macho. Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu Kocha hakuja. Tukadhani tumeshinda. Wajinga sisi! Alikuwa anatafuta jino la nyangumi, ambalo kwetu ndilo la kuombea radhi.

Habari zilitufikia Jumamosi: anakwenda kijijini kwa akina Akosita kuomba radhi, na msemaji wa kumsemea, na furushi la yaqona, mizizi ya kinywaji chetu cha heshima. Wengine wakasema afadhali, mtu kajishusha. Akosita alikuwa anakata kucha zake. Akakitupa kikata kucha kikagonga ukuta.

"Kajishusha kwa nani? Anampelekea mjomba! Mjomba akishalishika lile jino, kosa limezikwa. Nikifungua mdomo baada ya hapo, mkosaji ni mimi. Nanyi mkikaa tena uwanjani, wakosaji ni nyie. Mnaelewa? Redioni hatasema kitu. Nafasi yangu hatarudisha. Na mimi nitatakiwa kumpikia magimbi!"

Tukaelewa. Tukapanda basi la mtoni wanne, wengine wakafuata.

Nyumba ya Mjomba Taniela ilikuwa imejaa. Wanaume upande wa juu, kwenye mkeka mzuri, bakuli la yaqona mbele yao. Sisi wanawake chini, karibu na mlango, magoti yamekunjwa, sulu za kujifunga kiunoni zimefunika miguu. Huyu mjomba ndiye aliyemlea Akosita tangu mama yake, dada yake Taniela, alipofariki. Ni mtu mrefu, mhubiri, ambaye sauti yake husikika ng'ambo ya mto akiwa anaomba chumvi. Siku hiyo alikuwa anaangalia mikono yake tu.

Msemaji wa Kocha akasogea kwa magoti, jino limelala katika viganja viwili. Jino lilikuwa kubwa, la kahawia kwa uzee, kamba yake nene imesukwa vizuri. Wazee waliliona wakaguna kwa matamanio. Msemaji akasema maneno mazuri mno. Akataja mto, akataja mababu, akasema ulimi ni mfupi lakini huteleza, akasema watoto hawa wanatuletea sifa. Jina la Akosita hakulitaja. Neno uongo hakulitaja. Ungemsikiliza ungedhani Kocha kaangusha kikombe cha mtu.

Kocha mwenyewe alikaa ameinamisha kichwa. Kutoka nilipokaa nilimwona anatazama saa.

"Kelera," Akosita akaninong'oneza, "nikimrukia utanishika?"

"Nitakushikia sulu isifunguke. Mengine jisaidie."

Mjomba Taniela akapokea jino. Sikumlaumu sana, na bado nilimlaumu. Jino kama lile huwezi kuliacha hewani mbele ya mwenye kulileta. Ni kumtemea mate mgeni na ukoo wake wote. Akaligusisha puani, akashukuru, akasema limepokelewa. Wanaume wakapiga makofi yale mazito ya viganja vilivyokunjwa. Nikasikia bega la Kocha likishuka, naapa nililisikia. Akainua kichwa, akatutazama sisi wa mlangoni, akatabasamu.

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi," akasema. "Mazoezi. Asiwepo mtu wa kuchelewa."

Lile tabasamu ndilo lililoharibu kila kitu. Angeshuka ngazi kimya angekuwa amepona.

Akosita akaanza kutambaa. Hakusimama, asije akapita juu ya vichwa vya wakubwa. Alikwenda kwa magoti, katikati ya mkeka, akiomba samahani kila hatua kama anavyotakiwa, akalipita bakuli, akampita msemaji, akafika mbele ya mjomba wake. Akapiga makofi.

"Mjomba," akasema, "mimi ni mtoto wa dada yako. Hilo lililo mkononi mwako, nimelipenda. Nalichukua."

Mungu wangu. Haki ya mpwa, vasu! Mtoto wa dada akitaka kitu cha mjomba wake, anachukua. Awe nguruwe, mtumbwi, shati la Jumapili. Mimi mwenyewe nimemwona huyuhuyu Akosita akichukua feni ya mjomba huku inazunguka. Lakini jino la radhi, mbele ya mwenye kulileta, halijapoa? Mzee mmoja akasema, "We mtoto, una wazimu!" Mwingine akasema, "Mtoeni!"

"Asimguse mtu," akasema Mjomba Taniela. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Umenivua nguo mbele ya wageni, Akosita."

"Mimi nilivuliwa mbele ya nchi nzima, Mjomba. Na wewe ukaniondoa kwaya. Hukuniuliza hata neno moja. Neno moja tu!"

Yule mzee mrefu akalitazama lile jino. Kisha, taratibu, akanyoosha mikono yote miwili akampa jino.

"Ni mpwa wangu," akawaambia wanaume. "Siwezi kumkatalia. Na nyie mnajua."

Akosita akageuka na kuliweka mbele ya magoti ya Kocha Inoke, polepole, kwa adabu zote.

"Rudi nalo. Au sema redioni kwamba ulidanganya, halafu mpe tena mjomba wangu. Chagua. Kipindi chenu cha michezo kinaanza sasa hivi."

"Hii si desturi!" Kocha akafoka. "Msemaji, waambie!"

Msemaji alikuwa anachunguza mkeka. Kulibeba jino lile kurudi nalo mjini, kila mtu akijua limerudi, ilikuwa aibu ambayo hata wajukuu wa Kocha wangeikuta. Kocha akatazama huku na huku. Hakuna aliyemtupia jicho la huruma. Akatoa simu mfukoni, akawapigia watu wa kipindi.

Shangazi mmoja akawasha redio juu ya kabati, kwa hiyo tukamsikia mara mbili, mdomoni na spika. Kwanza akajaribu kukwepa: kulikuwa na kutoelewana.

"Uongo!" nikapaza sauti kutoka mlangoni. "Sema uongo, bwana, neno lenyewe fupi!"

Akasema uongo. Akasema Akosita hana mimba, hakuwahi kuwa nayo, na kwamba yeye Inoke alilitunga jambo hilo. Akakata simu, akamsukumia mjomba lile jino. Mjomba akalipokea mara ya pili.

"Yamekwisha," Kocha akasema. "Lakini nafasi ina mtu. Tarusila anakwenda Honiara."

"Umeleta jino moja," Akosita akamjibu, "la jina langu. Hilo limezikwa, sitalitaja tena. La nafasi yangu hujaleta chochote, kwa hiyo hilo tutalisema mpaka koo zikauke."

Jumatatu tulikuwepo saa kumi na mbili kamili. Tukauweka mpira katikati, tukakaa. Kocha akapiga filimbi. Mlango ukafunguka, akaingia msichana mrefu aliyevaa jezi mpya namba nne, namba ya Akosita. Tarusila. Nikajiandaa kumchukia, nilikuwa na matusi yamepangwa tayari.

"Nimesikia redio," akasema kwa lugha yetu iliyokwama-kwama. "Mjomba Inoke aliniambia Akosita amestaafu. Akaniambia mlinichagua nyie."

Akaivua jezi hapohapo, akabaki na fulana, akaiweka mapajani kwa Akosita. Kisha akakaa chini nasi. Kocha akabaki peke yake amesimama, timu nzima sakafuni, na ndege ya Honiara inaondoka wiki ile. Akatoka nje. Aliporudi alisema, akiangalia dari, kwamba Akosita arudi nafasini na Tarusila akae benchi.

Tulidhani Akosita atacheka, au atalia. Alivaa jezi, akaokota mpira, akampita Kocha kama nguzo ya kikapu.

"Mstarini," akatuambia. Sauti ilikuwa ngumu. Tukapanga mstari. Nilitaka kumtania kuhusu zile soksi za kichanga, nikamtazama usoni, nikaacha.

Tukakimbia mpaka Ulamila akatapika. Hakuna aliyelalamika.